Tiketi zimeisha, ila zipo

Jumamosi moja mpwa wangu anayesoma Uingereza aliingia kwenye grupu la familia la WhatsApp saa nne asubuhi akaandika "jamani mwenye laptopu na bando naomba msaada, saa tano kamili". Saa tano yetu ni saa tatu asubuhi ya kwao kipindi cha kiangazi, na huo ndo muda tiketi za shoo aliyokuwa anaisubiri zilikuwa zinafunguliwa. Wenzake chuoni walishamwambia ukiingia peke yako umeumia, muwe wengi, kwa hiyo tukajigawa, dada yangu Mwanza kwenye simu, mimi Tabata kwenye laptopu ya ofisi, bamdogo aliyeko Muscat naye akajitosa ingawa huyo mwanamuziki mwenyewe hamjui hata kwa sura.

Saa tano na sekunde kadhaa skrini yangu ikaandika kwamba mbele yangu kuna watu 87,000 na ushee. Kuna kamstari kanajaa taratibu, kanasogea halafu kanasimama kama daladala inayopakia, na chini yake onyo: usirefreshi, ukirefreshi unarudi mwisho. Nikaogopa hata kugusa mausi. Na umeme wa Tabata mnaujua, nikawa nasali tu. Baada ya saa moja na dakika arobaini zamu yangu ikafika, nikabonyeza tiketi mbili za kusimama za pauni 90, ikazunguka, ikazunguka, ikaniambia samahani kuna mtu kakuwahi. Nikabonyeza zingine, nimewahiwa. Za tatu, hizi za pauni 140, nimewahiwa. Halafu ikaandika zimeisha.

Mpwa akatuma vikatuni vya kulia. Dakika kumi baadae akatuma picha ya skrini ya mtandao mwingine kabisa, shoo ile ile, siku ile ile, uwanja ule ule, tiketi za kumwaga, pauni 310 moja. Mama yangu, ambaye kwenye hilo grupu huwa anatuma mistari ya Biblia na yale maua ya habari za asubuhi tu, akatuma voisi: "Sasa nyie, kama zimeisha, hizo zinazouzwa ni za nani?"

Tangu siku hiyo nimelifuatilia swali la mama na jibu lake ni refu kuliko nilivyodhani.

Tuanze na tunachokijua. Ulanguzi wa tiketi hatukufundishwa na intaneti. Aliyewahi kusafiri kwenda Moshi tarehe 22 Desemba enzi za Ubungo anajua, dirishani unaambiwa gari limejaa, unageuka unakuta kijana ana tiketi ya gari hilo hilo ila bei imeota mbawa, na wewe ushabeba mabegi na watoto wamechoka, utafanyaje, unalipa. Na neno lenyewe mlanguzi kwa wazee wetu lina uzito wake, mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipoendesha ule msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, wanasimulia watu walikuwa wanatupa mali usiku wasikutwe nayo. Nje ya kumbi za London na New York nao walikuwepo wa aina hiyo, jamaa kajikunyata kwenye koti ananong'ona kama ana tiketi za kuuza, polisi akipita anajifanya anasubiri basi.

Lakini angalia mipaka aliyokuwa nayo yule wa mlangoni. Kwanza ilibidi apange foleni kama wewe, au alipe vijana wampangie. Tiketi alizoweza kushika ni za kuhesabika. Ilibidi awepo pale pale siku ile ile, mvua inyeshe isinyeshe, na wateja wake ni waliopita mbele ya macho yake tu. Juu ya yote saa ilikuwa inamfukuza, maana shoo ikishaanza tiketi zilizobaki mkononi ni karatasi za kufungia karanga. Ukijua kupatana ulikuwa unamsubiri tu mpaka dakika za mwisho, anakuachia kwa bei ya kutupa.

Mtandao uliondoa mipaka yote hiyo kwa mpigo. Mwaka 2000 Marekani ikaanzishwa StubHub, mahali ambapo yeyote mwenye tiketi anaiweka na yeyote duniani anaiona, na mtandao unachukua asilimia yake. Wazo lenyewe halikuwa baya, unaumwa, tiketi unayo, kuna mtu anaihitaji, mkutane. Mwaka 2007 eBay, lile soko la mtandaoni, wakainunua kwa dola milioni 310 hivi. Mmoja wa waanzilishi wake, Eric Baker, alikuwa keshatoka akaenda kuanzisha Viagogo, mtandao wa aina hiyo hiyo, huko London mwaka 2006, na hiyo Viagogo ndo ikaja kuinunua StubHub mwaka 2020 kwa dola bilioni 4 na kidogo. Yani kutoka milioni 310 mpaka bilioni 4, kwa biashara ambayo haiimbi, haipigi gitaa wala haina ukumbi hata mmoja. Mlanguzi hana haja tena ya koti wala kusimama kwenye baridi, yuko sebuleni kwake, na anaweza kuuza shoo ya Paris wakati yeye yuko Toronto.

Kilichofuata ni boti. Siyo ile ya kwenda Unguja, hizi ni programu za kompyuta zinazojifanya watu. Wewe unajaza jina, kadi, anwani, vidole vinatetemeka, programu inafanya hivyo mara mia kwa wakati mmoja bila kukosea herufi. Kesi iliyofumbua watu macho ni ya kampuni moja ya Marekani iliyojulikana kama Wiseguys, waliofunguliwa mashtaka mwaka 2010 huko New Jersey kwa kukusanya tiketi zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kadhaa na kutengeneza faida ya zaidi ya dola milioni 25. Programu yao walisaidiwa na mafundi wa Bulgaria, na iliweza kupita hata lile fumbo la herufi zilizopinda unazoambiwa usome ili uthibitishe wewe ni binadamu (mimi binadamu kamili huwa nakosea mara mbili tatu). Wakuu wa kampuni walikiri makosa, wakaishia kifungo cha nje.

Halafu Januari 2016 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York akatoa ripoti ya uchunguzi wake, na humo kuna kisa ambacho kila anayeandika habari hizi lazima akigusie, na mimi siachi: shoo ya bendi ya U2 ukumbi wa Madison Square Garden, boti moja ilinunua tiketi 1,012 ndani ya dakika moja, wakati muuzaji alikuwa ametangaza mwisho ni tiketi nne kwa mtu. Desemba mwaka huo huo Obama akasaini sheria ya kupiga marufuku boti za tiketi. Sheria ikakaa. Kesi za kwanza kabisa chini yake zilikuja Januari 2021, zaidi ya miaka minne baadae, dhidi ya walanguzi watatu wa New York waliokusanya tiketi zaidi ya 150,000, wakatozwa faini ya dola milioni 31 ambayo ikashushwa mpaka milioni 3.7 kwa sababu hawana uwezo wa kulipa. Nimeisoma hiyo mara mbili nikidhani nimekosea.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama lilikuwa hilo, mama, zimebebwa na roboti. Akaridhika. Mimi ndo sikuridhika, maana hesabu ilikuwa haitoshi, roboti haziwezi kumaliza uwanja mzima.

Hapo kuna kitu ambacho mimi binafsi kiliniuma kuliko boti. Ripoti ile ile ya New York ilichungulia zile shoo kubwa zenye wateja wengi, ikakuta kwa wastani asilimia 16 ya tiketi zinatengwa pembeni kwa watu wa ndani, yani timu ya msanii, promota, ukumbi, kampuni ya rekodi, wadhamini na jamaa zao, na asilimia 38 zinatoka kwenye mauzo ya awali, wenye kadi ya benki fulani, wanachama wa klabu ya mashabiki, wateja wa mtandao fulani wa simu. Zinazobaki kwa mwananchi wa kawaida anayeamka asubuhi siku iliyotangazwa ni asilimia 46 tu. Chukua ukumbi wa watu 20,000, tangazo linasema tiketi 20,000, kumbe foleni yako inagombea 9,200. Na wanaogombea nawe humo humo wamo walanguzi. Kwa hiyo neno "zimeisha" si uongo sana, ila zilianza kuisha kabla hujafungua laptopu.

Sasa twende kwenye kiini, kwa nini hapo pana faida? Mbona mlanguzi hahangaiki kununua sukari dukani kwa bei ya duka na kuiuza mlango wa pili mara tatu? Kwa sababu tiketi ya msanii mkubwa kwa kawaida inauzwa chini ya bei ambayo watu wako tayari kulipa, na inafanywa hivyo makusudi. Msanii anataka uwanja ujae, maana viti vitupu ni aibu kuliko hasara, anataka mbele pale kuwe na vijana wanaoruka na kuimba kila mstari na si matajiri walioshika glasi, anataka ukishaingia ubaki na hela ya fulana, na zaidi ya yote hataki uende nyumbani ukisema fulani siku hizi ana tamaa. Akiweka pauni 90 wakati kuna maelfu wako tayari kutoa 300, ile 210 inabaki inaelea hewani haina mwenyewe. Msanii amemwachia shabiki kama zawadi. Mlanguzi anachofanya ni kuidaka ile zawadi kabla haijamfikia shabiki, basi, hakuna uchawi mwingine.

Na kabla ya mtandao wenye shoo walikuwa hawajui hiyo 210 ni kiasi gani, walikuwa wanahisi tu. Mlanguzi wa mlangoni hakuwa anaandika hesabu. Ile mitandao ya kuuziana ndo ikaanika kila kitu, kiti hiki safu ya tano kimeuzwa 400 jana usiku, kile cha nyuma 180. Fikiria wewe ndo promota, umelipa gharama zote, malori, taa, ulinzi, unafungua simu unaona jamaa ambaye hajabeba hata spika anatengeneza kwenye kiti kimoja zaidi ya unachopata wewe. Wakasema hapana, kama hela ipo tule wenyewe.

Ndo zikaja bei zinazocheza. Ukitaka kuzielewa kumbuka unavyoita Bolt mvua inanyesha saa kumi na mbili jioni Kariakoo, safari ile ile ya elfu sita unaambiwa elfu kumi na nne, gari halijabadilika, dereva ni yule yule, ila wanaoita ni wengi. Julai 2022 mashabiki wa Bruce Springsteen Marekani, yule mzee anayeimba habari za wafanyakazi wa viwandani, walikuta baadhi ya tiketi zimefika dola 4,000 na 5,000 kwenye mauzo ya kwanza kabisa, siyo kwa mlanguzi. Ticketmaster, wale wauzaji wakubwa wa tiketi, wakajitetea kwamba zilizopita dola 1,000 zilikuwa asilimia 1.3 tu. Inawezekana kabisa, ila ukishaiona hiyo namba kwenye skrini na mapenzi yanaingia doa.

Tarehe 31 Agosti 2024 ikawa zamu ya Uingereza, bendi ya Oasis inarudi jukwaani baada ya miaka 15, watu wamekaa kwenye foleni masaa wakijua tiketi ya kusimama ni kama pauni 148 pamoja na makato, wanafika mwisho wanakuta 355. Una dakika chache kuamua, umeshapoteza asubuhi nzima, moyo unadunda, saa inahesabu kurudi nyuma. Wengi walilipa kisha wakaanza kutukana. Hapa kuna kitu watu hukikosea: mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilipochunguza haikuona kompyuta iliyokuwa inapandisha bei dakika kwa dakika, ilichokiona ni kwamba za kusimama zilipangwa bei mbili tangu mwanzo, za chini zikauzwa kwanza zikaisha, ndo zikafunguliwa za juu, na waliokuwa kwenye foleni hawakuambiwa mapema. Kulikuwa pia na tiketi zilizopewa jina la platinamu, bei karibu mara mbili na nusu, na kiti ni kile kile, hamna hata soda ya bure.

Kwa hiyo mabadiliko yenyewe mi nayaona hivi, mlanguzi alianza akiwa nje ya mlango, akaja akahamia mtandaoni, na mwisho wa siku muuzaji halali amekaa akamwangalia, akajifunza kazi. Na wengine hawakuishia kujifunza, wakamkaribisha ndani kabisa.

Ticketmaster ni kampuni ya mwaka 1976, na mwaka 2010 iliungana na Live Nation, ambayo ni promota mkubwa na ina kumbi zake na inasimamia wasanii. Yani anayemleta msanii, mwenye ukumbi na anayekata tiketi wanaweza kuwa nyumba moja. Bendi ya Pearl Jam ilikuwa imelalamikia nguvu za Ticketmaster tangu 1994, wakaenda mpaka mbele ya bunge la Marekani kutoa ushahidi, mwaka uliofuata serikali ikafunga jalada. Mwaka 2008 Ticketmaster wakanunua mtandao wa kuuziana tena unaoitwa TicketsNow, na Februari 2009 tiketi za Springsteen (ndiyo, huyu huyu mzee, ana nyota ya mikasa) zilipofunguliwa, watu waliokosa wakajikuta wanapelekwa huko TicketsNow kwenye bei za juu wakati wengine wanasema tiketi za kawaida bado zilikuwepo. Kampuni ikaomba radhi. Mwaka 2018 waandishi wa CBC na Toronto Star wa Kanada wakajifanya walanguzi, wakaenda na kamera ya siri kwenye mkutano wa walanguzi huko Las Vegas, ambao ni mkutano halali kabisa wenye vitambulisho vya shingoni, wakakuta Ticketmaster wana meza yao wananadi programu ya kumsaidia mlanguzi kupanga mzigo wake, na wakaambiwa hakuna anayewafuatilia kwamba wana akaunti nyingi.

Uone hesabu yake kwa namba za mfano tu. Tiketi ya dola 100, ada 20, mauzo ya kwanza. Mlanguzi anairudisha kwenye mtandao ule ule kwa 300. Anayenunua anakatwa ada, anayeuza naye anakatwa ada. Tiketi moja, kiti kimoja, makato matatu. Sasa mwenye duka hilo ana haraka gani ya kumfukuza mlanguzi? Hiyo ndo hoja ya Tume ya Biashara ya Marekani, ile FTC, ilipoishtaki Live Nation na Ticketmaster Septemba 2025 pamoja na majimbo saba, ikidai kampuni ilijua na ikafumba macho, na kwamba hesabu za ndani za kampuni yenyewe zilionyesha walanguzi watano tu walikuwa na akaunti 6,345 na tiketi 246,407. Kampuni inakataa madai hayo. Kabla ya hapo, Mei 2024, Wizara ya Sheria ilikuwa imeshawafungulia kesi nyingine ya kutaka hizo kampuni zitenganishwe. Mi si mwanasheria, ila ile namba ya akaunti 6,345 inakupa picha ya mlanguzi wa leo, siyo tena roboti moja yenye kasi, ni mtu mwenye laini za simu na majina na kadi za kutosha kujaza kijiji kizima, kila moja inanunua nne zake kwa adabu kabisa kulingana na masharti.

Mtihani wa wazi kuliko yote ulikuwa tarehe 15 Novemba 2022, tiketi za ziara ya Taylor Swift Marekani. Ticketmaster walitaka kuzuia walanguzi kwa kuwasajili mashabiki kabla na kuwatumia namba ya siri wachache waliochaguliwa. Wakajisajili watu milioni 3.5. Siku yenyewe mfumo ukapokea maombi bilioni 3.5, wenye namba, wasio na namba na boti zote kwa pamoja, ukalemewa, zikauzwa zaidi ya tiketi milioni 2 kwa siku moja na bado mauzo ya watu wote yaliyokuwa yafanyike Ijumaa yakafutwa. Januari 2023 wakubwa wakaitwa mbele ya kamati ya Seneti. Kinachochekesha ni kilichotokea ziara ilipofika Ulaya mwaka 2024: wapo Wamarekani waliokata tiketi ya ndege, wakalala hoteli, wakaingia uwanjani Paris na Stockholm, na wakirudi wanakuambia walitumia chini ya wangelipa kwa kiti kilicholanguliwa nyumbani kwao.

Sababu mojawapo ni sheria. Ufaransa tangu 2012 ni kosa kufanya biashara ya kuuza tiketi bila ruhusa ya mwenye shoo. Japani ina sheria yake tangu 2019, Ireland ilipitisha ya kwake 2021, jimbo la Victoria kule Australia linaruhusu kuongeza asilimia 10 tu kwa shoo zilizotangazwa, na Uingereza serikali ilitangaza Novemba 2025 kwamba inataka kupiga marufuku kuuza juu ya bei ya mwanzo. Wenye mitandao wanapinga, wanasema ukibana huku watu watahamia magrupu ya Facebook na Telegram ambako ukitapeliwa huna pa kushtaki. Hilo si la kudharau, nakubali. Ila ni utetezi wa ajabu kidogo, mtu anakupiga bei halafu anakuambia nishukuru, nje kuna wezi.

Msanii naye akitaka anaweza kupigana. Ed Sheeran mwaka 2018 timu yake ilifuta tiketi zaidi ya 10,000 zilizokuwa zimeuzwa Viagogo. Bendi ya The Cure mwaka 2023 walikataa bei zinazocheza, wakaweka tiketi za kuanzia dola 20 na wakazuia zisihamishwe kwa mtu mwingine pale sheria za jimbo zinaporuhusu, na bado mashabiki wakaonyesha risiti ambazo makato yamezidi tiketi yenyewe, mpaka muimbaji wao Robert Smith akalalamika hadharani na Ticketmaster wakarudisha dola 5 mpaka 10 kwa kila tiketi. Ila kuzuia kuhamisha nako kuna maumivu yake. Rafiki wa mpwa wangu alivunjika mguu wiki moja kabla ya shoo nyingine, tiketi imefungwa kwenye simu yake na jina lake, hawezi kumpa hata dada yake, ikafia humo humo simuni yeye akiwa kitandani.

Huku kwetu hii kitu haijashika hivyo, na sababu ni tabia yetu. Shoo ya Dar watu wananunua tiketi siku ile ile, wengine wakishafika getini, promota ndo anakesha na presha, kwa hiyo anafanya kinyume, anakushawishi ununue mapema kwa kukupunguzia. Mlanguzi atalangua nini wakati kiti hakigombewi mpaka saa tatu usiku? Wanaoumia kwetu wanaumia kwa tiketi feki. Mtu ana tiketi moja ya kuskani, anaipiga picha ya skrini, anawauzia watu watano kwa pesa ya simu, na mashine ya getini haijui ukweli wa moyo wako, anayeskaniwa wa kwanza anaingia, wanne wanabaki wanabishana na baunsa. Ndo maana tiketi nyingi za nje siku hizi zina alama inayojibadilisha kila baada ya sekunde chache ndani ya apu, picha ya skrini haina thamani. Chris Brown alipopiga siku mbili Johannesburg Desemba 2024 niliona kwenye magrupu watu wa hapa wanatafuta tiketi, na kuna waliokuwa wanatumiwa picha za skrini na wanashukuru. Kama umeuziwa picha ya skrini umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na kule kuna aina nyingine ambayo hata mbuzi hayupo. Mlanguzi anaweka mtandaoni tiketi ambayo hana, hata mauzo rasmi hayajaanza, wewe unalipa 300, yeye ndo anaenda kuitafuta kwa 150, asipoipata unarudishiwa hela yako siku mbili kabla ya shoo wakati hoteli na treni ushalipia. Kwa hiyo zile tiketi "za kumwaga" alizoziona mpwa dakika kumi baada ya foleni, sehemu yake huenda hazikuwepo popote duniani.

Yeye hakununua za 310. Nilimwambia ule ujanja wa mlangoni bado unafanya kazi kidogo, mlanguzi wa mtandaoni naye saa inamfukuza, kaa utulie uangalie bei kwenye mtandao unaorudisha hela. Miezi tisa akawa ananitumia namba kama mtu anayefuatilia dola, 310, 280, ikapanda 340 nikaogopa, wiki ya shoo 190, asubuhi ya shoo 120. Saa tisa alasiri ya kwao akiwa kwenye basi la kuelekea uwanjani akaniandikia "anko nimepata 75", chini ya bei ya mwanzo, ya kukaa siyo ya kusimama.

Usiku akatuma video kwenye grupu, taa, watu wanaimba, na pembeni yake viti vitatu vitupu kwenye shoo iliyoisha tiketi ndani ya saa mbili hivi. Mama akauliza wenyewe wako wapi. Mpwa akajibu hawajaja bibi, kimoja nimeweka koti.